Kasimile Si Jina la Mtu

Mtoto ukimpa kijiko cha kwanza cha chakula, atakutemea. Atakutemea usoni, atakutemea kwenye leso uliyoifua jana, na akipata nafasi atakutemea ndani ya kikombe chako cha chai. Usilie. Hajakutukana. Ulimi wake tangu azaliwe umefanya kazi moja tu, kunyonya, na sasa wewe umemletea kiazi unataka aufanyishe kazi nyingine bila kumpa notisi. Mngoje aelewe.

Nawaambia hivi nyinyi mnaolea kwa mara ya kwanza kwa sababu nimetemewa na watoto wengi kuliko mnavyoweza kukisia, na wote nawakumbuka kwa majina. Hamisi wa Mwajuma, huyo alikuwa na shabaha. Riziki na Rehema, mapacha, walikuwa wakipokezana. Na Salim wa Biasha, ambaye sasa amevaa sare anafungua geti la hoteli kule Diani, kila akiniona hutazama pembeni, maana anajua ninayoyajua.

Kazi yangu ilikuwa kulea watoto wa watu. Nyumba yangu iko Ukunda, nyuma ya soko, na mama zao walikuwa wakifua mashuka na kusugua vyoo vya wageni mahotelini. Asubuhi wananiachia, jioni wanachukua. Sikuwa na kibao wala wanyama wa rangi ukutani. Nilikuwa na mikeka, mabeseni, jiko la makaa na sauti. Nimeacha kwa sababu ya magoti, watoto hawajanishinda. Siku hizi nawaona nyinyi wasichana mlioishika kazi hii, mna viti vya kulishia vyenye mikanda kama vya ndege, mna blenda, na mnatazama kwenye simu namna ya kuponda ndizi. Kuponda ndizi! Ndizi mbivu inapondeka hata ukiitazama vibaya.

Aliyenifundisha mimi ni Bi Mejumaa wa Waa, Mungu amrehemu, mwanamke mwenye mkono mwepesi na mdomo mzito. Yeye alikuwa amelea kabla yangu, na nilipoanza alikuja kukaa nami kunitazama, akaniharibia raha yangu yote. Siku ya kwanza nilipika uji, nikajisifu umelainika vizuri. Akaniambia, "Inamisha kijiko." Nikainamisha. Uji ukakimbia wote chini kama una deni.

"Huo kaoshee sahani," akasema. "Tumbo la mtoto ni kama ngumi yake. Ukilijaza maji, chakula kitakaa wapi, kichwani?"

Basi shikeni hilo hata mkisahau mengine. Chakula cha mtoto anayeanza kula kinatakiwa kikae kwenye kijiko ukikiinamisha, kishuke polepole kama mtu asiyetaka kwenda kazini. Uji unaopita kwenye chuchu ya chupa ni maji yaliyopakwa rangi. Nimewaona mama wakiikata ile chuchu kwa wembe ili tundu liwe kubwa na uji upite. Dada, ukishafika kwenye wembe, jua umepotea njia. Tafuta kijiko.

Lakini Bi Mejumaa naye alikuwa na yake. Alikataza yai. Alisema mtoto akila yai kabla hajasema, atachelewa kusema, na mimi nikaamini, nikawanyima watoto mayai na kuku wangu wametapakaa uani. Aliyetufungua macho ni Nesi Halima wa kliniki, msichana mdogo mwenye mwanya. Alituketisha, akatusikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Bi Mejumaa, mimi nimelelewa kwa mayai, na wewe ndiye kila siku unayeniambia ninyamaze." Bi Mejumaa alinuna mpaka adhuhuri. Alasiri nikamkuta anachemsha yai mpaka limekuwa gumu kama jiwe, anaponda kiini na maziwa aliyoachiwa mtoto mmoja na mamake, na ananikaripia mimi kwa kuchelewa kuijua faida yake.

Sasa niwaeleze habari ya Mwende, maana kwake ndiko nilikojifunza kwamba mapishi si chungu tu, ni ulimi pia.

Mwende ni Mkamba wa Kitui, alikuja pwani na mumewe. Mume akapata kazi ya lori kwenye njia ya Lunga Lunga, akawa mtu wa kuonekana kwa nadra kama mwezi wa kuandama. Mwende akapata kazi ya kufua hotelini. Akaniletea mwanawe, Musyoka, wa miezi minane. Alimfungua mgongoni, akamweka mkekani, nami nikamtazama yule mtoto nikasema moyoni, huyu ni macho matupu. Macho makubwa, shingo kijiti, na makalio yamekunjamana kama ya mzee.

"Shosho, huyu mtoto hataki kukula," akasema.

"Shosho ni nani? Hapa niite Bibi. Unampa nini?"

Akatoa mfuko wa unga. Nyinyi mnaujua unga huo, mpaka leo mnausaga. Ulikuwa na mahindi, wimbi, mtama, mchele, soya, njugu, mihogo, dagaa na vingine ambavyo hata aliyesaga alikuwa amesahau. Kila jirani aliongeza chake. Nikamwambia, "Mwanangu, huu si unga, hii ni harusi, kila mtu amealikwa." Mtoto akiharisha, utajua ni nani kati ya wote hao aliyemchokoza? Tena alikuwa akiukoroga mwepesi upite kwenye chupa. Mtoto anakunywa anajaa, anakojoa, analala, anaamka ana njaa. Na kama dagaa alisagwa na mchanga wake, hilo silisemi.

Mwende akaanza kulia. Ndipo akaniambia lililokuwa likimkaba. Mama mkwe wake, Mama Syokau, alikuwa amepiga simu. Alikuwa ameonyeshwa picha ya mtoto, na akatoa hukumu: mtoto asipoonyesha mabadiliko, anakuja kumchukua, ampeleke Kitui kwenye ng'ombe na maziwa, na Mwende abaki na mashuka yake. Mume amekubali. Mume yule alikuwa akikubali kila kitu alichoambiwa kwenye simu, ili simu iishe.

"Wakimchukua sitampata tena," Mwende akasema. "Atakuwa mtoto wake. Mimi nitakuwa mgeni wa Krismasi."

Nikamwambia kwanza kliniki, maana mtoto aliyekonda namna ile huanzi na sufuria, unaanza na daktari. Akaenda. Nesi Halima akampima, akamtundika kwenye ile suruali ya mzani, akamtazama malaria na mengine yote, akasema ugonjwa hana, ana njaa; aendelee kunyonya, alishwe vizuri, arudishwe apimwe tena. Jioni Mwende akapita kuniambia, mtoto mgongoni. Alikuwa na haraka, boda boda inamngoja barabarani inaunguruma, na mimi nilikuwa na mtoto wa mtu begani ananipigia kelele sikioni. Nikampigia ukelele, "Chakula chake cha jioni, mtilie kasimile kidogo! Mtilie kasimile, utaona atakavyonenepa!"

Kasimile, kwa nyinyi mliozaliwa kwenye pakiti, ni lile tui la kwanza. Unakuna nazi kwenye mbuzi, na mbuzi huyo ni kile kigoda chenye ulimi wa chuma, hana mkia. Unatia maji moto kidogo sana, unakamua, na lile zito jeupe linalotoka kwanza ndilo kasimile. Ukiongeza maji ukakamua tena unapata tui jepesi, hilo la kupikia kunde za wakubwa. Kijiko kimoja cha kasimile ndani ya kiazi kitamu kilichopondwa kinafanya kazi kubwa kwenye tumbo dogo, na nazi pwani haitafutwi kwa tochi.

Pwani kila mtu anajua. Lakini mtu wa Kitui atajulia wapi?

Siku mbili hakuja. Siku ya tatu akaja, amemfunga mtoto kiunoni uzi mweusi wenye kifundo cha ngozi, na mtoto amekonda zaidi.

"Ni nini hiki?"

"Nilimwitia Kasimile, kama ulivyosema."

"Ulim… nini?"

"Si uliniambia nimwitie Kasimile? Nilimtafuta, Bibi. Nikauliza pale stendi, yule wa boda boda akanipeleka."

Yule wa boda boda ni Kim, kijana wa Murang'a, ambaye tangu azaliwe hajapata kumwambia abiria "sipajui". Alimzungusha Mwende barabara ya Lunga Lunga wakiuliza watu, mpaka wakampata mzee mmoja anayeuza mizizi chini ya turubai. Mwende akamwuliza, "Wewe ndiye Kasimile wa watoto wasiokula?" Na yule mzee, Mdigo mtupu, aliyelelewa kwa nazi kama sisi sote, anayejua vyema kasimile ni nini, akamtazama, akaitazama pochi, akasema, "Ndiye mimi."

Alikubali kuwa tui! Nawaambia nilikaa chini mkekani. Nilitaka kukasirika, kicheko kikatangulia.

"Akakwambia nini huyo Kasimile?"

"Amemfunga uzi. Na amempa mwiko." Mwende akashusha sauti. "Amesema asiguse nazi."

Hapo nilicheka mpaka Saumu, mtoto wa jirani yangu aliyekuwa akila pembeni, akaanza kucheka na yeye bila kujua kwa nini. Kasimile anakataza nazi! Ni kama maji yakukataze kuoga. Mwende aliniona nacheka akadhani namdharau, uso ukamwiva, akaanza kumfunga mtoto mgongoni aondoke. Nikamshika mkono. Sikumweleza kwa maneno, maneno ndiyo yaliyotuponza. Nikachukua nazi, nikaivunja, nikakaa kwenye mbuzi nikakuna, nikakamua kwa mkono kwenye kikombe, nikamnyooshea.

"Mwende, huyu hapa. Mwamkie."

Alitazama kikombe. Alinitazama. Akaweka mkono mdomoni. "Na yule mzee?"

"Yule mzee ni mwizi mwenye adabu. Ila wewe na mimi ndio tuliomwandikia kazi."

Baadaye nilikutana naye sokoni akinunua samaki. Nikamwamkia mbele za watu, "Shikamoo, kasimile! Mbona umechacha?" Aliacha samaki na chenji.

Sasa kazi ikaanza. Musyoka alikuwa ameufunga mdomo kama pochi ya mume wa Bi Mejumaa. Nikampondea kiazi kitamu na kasimile: akatema. Nikampondea malenge: akatema, akapiga na beseni. Nikamchemshia mbaazi mpaka zikayeyuka, nikazipitisha kwenye chujio maganda yabaki, nikatia mchicha uliokatwa mdogo mdogo: akageuza kichwa kama sheikh aliyeonyeshwa nguruwe. Dagaa nilimtoa kichwa na matumbo, nikamwosha mchanga, nikamkaanga bila mafuta, nikamtwanga mpaka vumbi, ukinyunyiza kwenye chakula hata harufu huisikii. Musyoka aliisikia.

Msimfungue mtoto mdomo kwa nguvu. Nimemwona mwanamke akimbana mtoto pua ili apanue mdomo, na huyo nilimfukuza uani kwangu kwa mwiko. Mtoto anayelazimishwa anajifunza kwamba kijiko ni adui, na pia anaweza kupaliwa. Wala msimdanganye kwa sukari. Chumvi pia mwacheni nayo, ulimi wake haujui kwamba kuna chumvi, na asichokijua hakililii. Wala msimwekee kiporo kilichoshinda juani. Pika kidogo, kikibaki mpe kuku, au kula wewe. Mimi nilinenepa kwa kazi hii.

Kilichotusaidia hakikuwa ujuzi wangu. Ulikuwa wivu. Yule Saumu, aliyekuwa ameshapita mwaka, mlafi wa kupigiwa mfano, alikuwa amekaa na bakuli lake la kiazi na mbaazi anajipaka mpaka kwenye nyusi. Mimi nimegeuka kutafuta kitambaa. Kugeuka hivi, namwona Musyoka ametambaa, ametia mkono mzima ndani ya bakuli la Saumu, na anautia mdomoni. Saumu akapiga kelele. Musyoka akapiga kelele zaidi, mdomo umejaa, akameza. Nikanyamaza kimya, nisije nikamshtua mwizi katikati ya kazi.

Tangu siku hiyo nilimpikia Musyoka na kuweka chakula chake mbele ya Saumu, na Saumu chake mbele ya Musyoka. Kila mmoja alikula akiamini anamdhulumu mwenzake. Mwende alikuwa akirudi jioni anauliza, "Amekula?" namjibu, "Ameiba vizuri." Nyumbani Mwende naye akajifunza kukuna nazi, akajikuna vidole kwanza, akajifunza kuponda kwa uma, akaacha ule unga wa harusi, akabaki na wimbi peke yake, anakoroga uji mzito unaokaa kwenye kijiko. Na kifua hakumnyima. Kliniki wakamtundika tena Musyoka, akapiga mateke mpaka mzani ukayumba, na ule mstari kwenye kadi yake uliokuwa umelala ukainua kichwa.

Lakini kule Kitui walikuwa bado wanaitazama picha ya zamani. Na asubuhi moja, kabla watoto hawajafika wote, nikasikia hodi ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe. Mama Syokau. Mrefu, mkavu, ameshuka kwenye basi sasa hivi, mkononi amebeba leso mpya ambayo bado ina mikunjo ya dukani. Nilijua ile leso ni ya kumbebea nani. Nyuma yake Mwende, amevaa sare ya kazini, uso hauna damu.

"Wewe ndiye unachunga mtoto wangu?"

"Mimi ndiye ninayemlea mtoto wa Mwende. Karibu, dada. Umeamkaje?"

"Nimeamka kwa basi. Nasikia hapa munapatia watoto nazi."

"Na huko munawapa maziwa ya ng'ombe, na ng'ombe hatumlaumu."

Akanitazama. Nikamtazama. Tulikuwa vikongwe wawili na meno machache baina yetu, lakini yale yaliyobaki tuliyaonyesha. Kisha akamwona Musyoka mkekani, akamwinua juu, akamshusha, akamwinua tena, akamminya paja, kama mtu anayepima mbuzi mnadani. Musyoka alimtazama kwa makini, kisha akamtemea malenge shingoni.

"Ana nguvu," Mama Syokau akasema, akijipangusa.

"Alikuwa hana. Muulize mamake."

Hakumuuliza. Aliketi, akataka bakuli, akamlisha mwenyewe. Nilitaka kumwambia namna ya kushika kijiko, nikajiuma ulimi, na wanaonijua wanajua maumivu hayo. Mtoto alikula. Mama Syokau akaonja na yeye. Akaonja tena. Akauliza kuna nini humu, Mwende akataja, mpaka dagaa, na sauti yake ilianza ndogo ikakua. Bakuli likaisha, na sitasema ni nani aliyekula zaidi.

Nikadhani tumemaliza. Lakini Mama Syokau aliikunjua ile leso mapajani, akailaza, akaipapasa.

"Sikukuja kwa sababu ya kukonda tu," akasema, na sasa hakuwa akisema nami. "Mtoto anakula chakula ya Mdigo, analala kwa nyumba ya Mdigo, baba yake ako barabarani. Akikua atakuja kwangu anisalimie kwa Kiswahili kama mtu wa serikali. Hii mama imemfunza kukula. Ni nani atamfunza Kikamba?"

Nilikuwa na mdomo mrefu kwa kila kitu, kwa uji, kwa mayai, kwa waganga, lakini hilo halikuwa langu. Nikamtazama Mwende. Alikuwa amesimama mlangoni ameshika mkoba, gari la wafanyakazi wa hoteli linapiga honi barabarani. Kwa miezi yote niliyomjua, msichana huyo alikuwa hajapata kumjibu mtu isipokuwa kwa kulia.

Akaweka mkoba chini.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi nitamfunza. Mimi si ni Mkamba? Musyoka haendi, Mama."

Kisha akayarudia yale yale kwa Kikamba, marefu zaidi, na makali zaidi nadhani, maana Mama Syokau alifungua mdomo mara mbili akaufunga. Honi ikapiga, gari likaondoka. Mwende hakugeuka kulitazama.

Mama Syokau alikaa kwetu siku tatu. Hizo jioni alimwimbia Musyoka, akamfundisha Mwende kukoroga wimbi kwa namna ya kwao, na akaniambia kwamba mbaazi zangu zinahitaji kuiva zaidi. Alisema kweli, lakini sikumwambia. Siku ya kuondoka ile leso alimfunika nayo Mwende mabegani, akapanda basi mikono mitupu.

Musyoka sasa anasoma shule hapa Ukunda, ana miguu kama mihimili. Anapita kwangu kila akitoka shule, anafunua sufuria bila salamu, na nikimpiga kofi la mkono ananitukana kwa Kikamba, maneno marefu, yenye mapambo, bila kusita hata kidogo. Mimi sielewi hata moja. Lakini nasikia ni matusi ya mtu aliyeshiba.